UZI: Buti la Sakania na mpaka wa Katanga: kalamu iliteleza, au ni maji?

Mfuata_Maji (Lubumbashi), mwanzisha uzi

Ndugu wasomaji, kila anayeitazama ramani ya Kongo kwa makini huuliza swali lilelile macho yake yakifika pembe ya kusini-mashariki: kwa nini nchi yetu imeingiza buti ndani ya Zambia na kukaribia kuikata vipande viwili? Jibu linalotolewa vijiweni, Lubumbashi kama Ndola, ni kwamba Mzungu fulani alikuwa amelewa, au kalamu iliteleza, au mfalme fulani wa Ulaya alichora bila kutazama. Hoja yangu katika uzi huu ni kinyume cha hayo. Sehemu kubwa ya mpaka huu unaochekwa imefuata maji kwa uaminifu kuliko mipaka mingi ya Afrika, na kioja chenyewe kimo katika kipande kifupi tu, mahali ambapo maji yaliwakatalia walioandika mkataba.

Tafuteni ramani isiyo na rangi za nchi wala majina ya mikoa, yenye mito peke yake. Mtaona kwamba kutoka upande wa Kolwezi hadi Sakania kuna ukanda mwembamba ambao hakuna mto unaoupita. Mito ya kaskazini yake inakwenda Lualaba au Luapula, na hatimaye Bahari ya Atlantiki kupitia mto Kongo. Mito ya kusini yake inakwenda Zambezi, na hatimaye Bahari ya Hindi upande wa Msumbiji. Huo ndio mgongo wa kugawa maji, na juu ya mgongo huo ndipo mpaka wetu na Zambia unapopita. Kila pindo la mpaka ambalo kwenye ramani ya shule linaonekana kama mkono uliotetemeka ni mahali ambapo chanzo cha kijito kimesukuma mgongo upande huu au ule.

Sasa njooni mashariki. Mto Luapula unatoka katika Ziwa Bangweulu na vinamasi vyake, unateremka kusini, unazunguka kuelekea magharibi, halafu unageuka kaskazini hadi Ziwa Mweru. Ardhi iliyobaki ndani ya mzunguko huo, kati ya mto na mgongo wa kugawa maji, ndiyo hilo buti. Kwa hiyo upande wake mmoja ni mto na upande wa pili ni mgongo. Hakuna ulevi hapo. Tatizo ni kwamba mto na mgongo havikutani. Mgongo wa kugawa maji unaendelea mbali kaskazini-mashariki kufuata milima ya Muchinga, kwa sababu hata Bangweulu na mto Chambeshi ni maji ya Kongo. Wangeufuata mpaka mwisho, Kongo ingemeza kaskazini yote ya Zambia ya leo na kukaribia Tanzania.

Ndipo ikaja kalamu. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Leopold wa Pili, aliyekuwa mwenye Dola Huru la Kongo, ulisema mpaka uufuate mto Luapula kwenda juu hadi pale unapotoka Bangweulu, na kutoka hapo uteremke kusini moja kwa moja kwa mstari wa longitudo mpaka uguse mgongo wa kugawa maji, kisha uufuate mgongo huo hadi kwenye eneo la Wareno. Mstari huo wa kuteremka ndio ukuta wa mashariki wa buti. Ni kipande kifupi kikilinganishwa na mpaka mzima, lakini ndicho kinachoonekana kwanza, na kwa ajili yake watu wameuhukumu mpaka wote.

Swali la kwa nini Leopold aliipata Katanga, na si Waingereza, ni refu, ila lazima liguswe. Tangazo lake la mwaka 1885 lilikuwa limekwisha kutaja mgongo wa maji, Bangweulu, Luapula na Mweru kama mipaka yake, wakati hakuwa na mtu hata mmoja huku. Mwenye nchi alikuwa Msiri, aliyetawala kutoka Bunkeya. Alfred Sharpe alifika kwake mwaka 1890 kwa niaba ya Waingereza akarudi mikono mitupu. Msafara wa Stairs, Mkanada aliyetumwa na Leopold akiwa na wapagazi na askari wengi wa pwani ya Zanzibar, ulifika mwishoni mwa 1891, na tarehe 20 Desemba Msiri akapigwa risasi na kufa. Miaka miwili na miezi michache baadaye mkataba ukaandikwa. Tusisahau jambo hilo tunapofurahia mikunjo ya ramani.

Ningependa wenye kuishi karibu na mpaka waeleze wanavyouona chini, kwa macho. Mimi nimeutembelea upande wa Kipushi. Anayetazamia kuona mlima atakata tamaa, kwa kuwa mgongo ni uwanda: miti ya miombo, vichuguu virefu kuliko mtu, na hapa na pale dambo, yaani bonde pana la majani ambalo hulowa masika na kukauka kiangazi. Mvua ikinyesha, maji husimama kwanza kwenye majani kana kwamba hayajaamua. Dambo lenye mteremko wa kaskazini hulisha Kafubu, unaokwenda Luapula. Dambo la upande wa pili, mwendo mfupi tu kutoka hapo, hulisha Kafue, unaokwenda Zambezi.

Ndola_Masala

Salamu kutoka ng'ambo. Ndugu mwanzisha uzi, bainisha ni Kafubu upi. Hapa Ndola tuna Kafubu wetu, unapita mjini, na huo unaingia Kafue. Nina hakika wasomaji wengi wa upande wangu watadhani umeupeleka mto wetu Atlantiki.

Mfuata_Maji

Ahsante, ndugu wa Ndola, hilo limenisaidia kuliko ramani. Kafubu ni miwili. Wa kwetu unapokea mto Lubumbashi na kuumwagia Luapula. Wa kwenu unaumwagia Kafue. Jina ni moja, mgongo uko katikati, na bahari ni mbili. Waliotoa majina hayo walikuwa wakivuka mgongo huo kwa miguu tangu zamani bila kuujali, na mpaka ulikuja kuwakuta.

Mtoto_wa_Kenya (komine ya Lubumbashi, si nchi)

Mzee wangu, mimi nimesikia tangu utotoni kwamba aliyechora buti ni mfalme wa Italia. Aliitwa kuamua ugomvi, akachukua rula, basi. Hata wafanyabiashara wa Kasumbalesa wanalijua. Je, hilo nalo ni la vijiweni?

Mfuata_Maji

Mfalme wa Italia yupo kweli katika habari hizi, ila amehamishiwa mpaka usio wake. Uingereza na Ureno ziligombea mipaka ya nchi ya Walozi, zikampelekea shauri Vittorio Emanuele wa Tatu, naye akatoa uamuzi mwaka 1905. Yeye ndiye aliyetumia longitudo za nyuzi 22 na 24 na latitudo ya nyuzi 13, na ndiyo maana mpaka wa Angola na Zambia umenyooka na una kona kama ya meza. Buti la Sakania lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka 11 kabla yake. Nadhani hadithi ilihama kwa sababu watu wa pande zote mbili walitaka mkosaji mmoja mwenye taji, na mkataba wenye saini za wanasheria hausimuliki vizuri.

Dereva_wa_Mbali

Mimi napita Kasumbalesa na mzigo wa shaba kwenda kusini, kwa hiyo naongea ninachokanyaga. Kwanza, barabara ya buti. Mtu wa Mufulira anayetaka kwenda Mansa, yaani Mzambia anayetoka Zambia kwenda Zambia, njia yake fupi ni kuingia Kongo pale Mokambo, kukata buti kwa kilomita kama 70, na kutokea Chembe kwenye Luapula. Zamani ilikuwa kivuko. Tangu 2008 kuna daraja lililopewa jina la rais Levy Mwanawasa. Akikataa kuingia Kongo, lazima azunguke buti lote kupitia Serenje, na hiyo ni safari ya siku nyingine kabisa.

Pili, kama mnapenda mipaka ya ajabu, fikeni Kazungula. Hapo Zambia na Botswana zinagusana kwa kipande kidogo cha mto Zambezi, kama mita 150 tu, huku Namibia na Zimbabwe zikiwa zimenyoosha pua pande mbili. Daraja la pale lilifunguliwa Mei 2021, lina urefu wa mita 923, na limepinda. Mara ya kwanza unajiuliza kwa nini mainjinia wasinyooshe. Ni kwa sababu lingenyooka lingeingia Zimbabwe. Ukiwa na lori lenye trela unalisikia pindo hilo kwenye usukani, na katika maisha yangu ya barabarani sijapata mahali pengine ambapo mpaka wa nchi unausikia mkononi.

Mwalimu_wa_Nguba (Bukavu)

Ndugu Dereva ameniwekea mlango wazi, kwa maana hiyo pua ya Namibia ni ukanda wa Caprivi, na ni mfano mzuri wa watu waliotazama mto kwenye ramani wakaona barabara. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, uleule ambao Ujerumani iliiachia Uingereza Zanzibar, Wajerumani walipata ukanda mwembamba wa kufikia Zambezi, kwa matumaini ya kuunganishwa na Bahari ya Hindi. Kwenye karatasi mto ni mstari wa buluu usiokatika. Lakini chini kidogo ya hapo kuna maporomoko ya Victoria, na mbele zaidi kuna mawe ya Cahora Bassa ambayo yalikwisha kumzuia Livingstone mwaka 1858. Mtu alikuwa na miaka zaidi ya 30 ya kuuliza.

Sasa niwarudishe Kongo. Maji ya Lubumbashi yanajivunia safari yake, lakini ya Bukavu nayo yana historia. Ziwa Kivu hutokea hapa kwetu kupitia Ruzizi, ambao unashuka kwa kasi hadi Ziwa Tanganyika. Tofauti ya mwinuko wa maziwa hayo mawili ni karibu mita 700, na ndiyo maana mitambo ya umeme imejengwa katika mto huo. Tanganyika hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa jua, ila yanayobaki hutoka Kalemie kupitia Lukuga na kuingia Lualaba maeneo ya Kabalo. Kwa hiyo maji yetu na yenu hukutana huko, katika mto mmoja, ingawa kwa barabara mtu wa Bukavu na mtu wa Lubumbashi hawakutani kirahisi hivyo.

Lakini kuna la kustaajabisha zaidi. Hapo kale Kivu halikuwa la Kongo. Lilimwaga maji kaskazini, kuelekea Ziwa Edward, yaani Nile. Volkeno za Virunga zilipoinuka ziliziba bonde, maji yakapanda, yakatafuta upenyo kusini. Hata leo mvua inayonyesha Rutshuru inakwenda Misri, na inayonyesha Goma inakwenda Banana, mdomoni mwa mto Kongo.

Msimamizi_wa_Jukwaa

Naona jina la Goma na Rutshuru limetajwa. Naomba uzi ubaki kwenye ramani na maji. Mambo ya vita yana nyuzi zake.

Mfuata_Maji

Msimamizi, umesikika. Mwalimu, umenikumbusha Livingstone, kwani mtu huyo alikufa mwaka 1873 kusini ya Bangweulu akiamini kwamba Lualaba ni Nile. Watu humcheka. Ukiutazama mto pale Nyangwe, alipofika mwaka 1871, unakwenda kaskazini, mpana, na kaskazini ya mbali kuna Nile; mtu asiye na ramani angesema nini tena? Aliyelimaliza shauri ni msafiri Mwingereza Cameron mwaka 1874, na hakuhitaji kuufuata mto. Alipima mwinuko wa Nyangwe akaona uko chini ya mwinuko wa Nile pale Gondokoro, na maji hayapandi. Miaka miwili baadaye Stanley, akisindikizwa sehemu ya njia na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliufuata hadi Atlantiki na kuthibitisha kwa miguu kile ambacho hesabu ilikuwa imekwisha kukisema. Kwangu mimi, hesabu ya Cameron ni tamu kuliko safari ya Stanley.

Mzee_wa_Reli (Lubumbashi)

Vijana, mnazungumza mito kana kwamba kila mto unapitika. Niruhusuni niwape safari yenyewe, kwa maana baba yangu aliifanyia kazi na mimi nikaikuta.

Chukua maji ya mto Lubumbashi. Kwanza Kafubu, halafu Luapula. Luapula una maporomoko ya Mambilima, kisha unatulia, na hapo ndipo Kasenga, kunakotoka samaki wetu. Unaingia Mweru, unatoka Pweto kwa jina la Luvua, unaruka mawe tena hadi Ankoro, na hapo unaungana na Lualaba. Kuanzia Bukama hadi Kongolo Lualaba unabeba meli kwa zaidi ya kilomita 600. Chini ya Kongolo kuna mlango wa mawe ambao meli haipiti, kwa hiyo reli ya kilomita 355 hadi Kindu. Kindu hadi Ubundu meli tena, kama kilomita 300. Ubundu hadi Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, basi reli ya kilomita 125. Kisangani hadi Kinshasa ni kilomita 1,734 za maji mapana, ambazo ndizo kila mtu anazifikiria akisikia "mto Kongo". Kinshasa hadi Matadi maporomoko mengine, reli ya kilomita 366. Ndipo meli ya bahari.

Hesabuni wenyewe mara ngapi mzigo unashushwa na kupakiwa. Kila mahali pa kupakia palikuwa na winchi, bohari, mizani, na watu wa kubeba magunia mgongoni pale winchi ilipokwama. Kwa sababu hiyo Wabelgiji walitengeneza njia ya pili, ambayo tuliiita ya kitaifa: treni kutoka hapa hadi Ilebo, iliyofunguliwa 1928, kisha mto Kasai hadi Kinshasa, kisha reli hadi Matadi. Ilipunguza mashusho lakini haikuyamaliza. Mwaka 1931 reli ya Lobito ikaunganishwa kupitia Dilolo, na hiyo haikuwa na mto ndani yake hata mmoja wa kusafiria.

Na kuhusu buti mnalolicheka: treni ya kwanza iliyofika Lubumbashi, mwaka 1910, ilitoka kusini, na iliingilia Sakania. Mji huu ulizaliwa kupitia buti. Maji yetu yanakwenda Atlantiki, lakini shaba yetu tangu mwanzo ilitafuta Bahari ya Hindi.

Mwanafunzi_wa_Jiografia

Nashukuru, wazee wangu. Nina maswali mawili. La kwanza: Bangweulu ni vinamasi vitupu. Mkataba ukisema "pale mto unapotoka ziwani", ni wapi hapo? La pili: kwenye Ziwa Mweru naona kisiwa cha Kilwa kiko karibu na ufuko wetu, na hata mji wa Kilwa uko upande wetu, lakini kisiwa kimepakwa rangi ya Zambia. Ni makosa ya mchapishaji?

Mfuata_Maji

Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi: si makosa. Mkataba wa 1894 wenyewe ulipinda mstari ndani ya ziwa ili kisiwa cha Kilwa kiwe cha Waingereza, na Zambia ikakirithi. Na kwa wasomaji wa Tanzania, hiyo si Kilwa ya magofu.

La kwanza ni zuri sana, na ndilo lililonifanya niseme maji yaliwakatalia. Walioandika Brussels walikuwa na ramani ambayo juu yake ziwa lilikuwa na ukingo na mto ulikuwa na mdomo. Ardhini kuna matete na mifereji inayojaa na kupungua kwa majira, na mwanzo wa Luapula unategemea unauliza mwezi gani. Longitudo nzima inayotenganisha Sakania na Serenje imening'inizwa kwenye nukta hiyo. Tume ya pamoja ya Waingereza na Wabelgiji ilipima mpaka kati ya 1911 na 1914, na kazi ya kusimamisha nguzo ikarudiwa kati ya 1927 na 1933. Luapula haukuhitaji nguzo, kila mtu anauona. Mgongo wa maji ndio uliozihitaji, kwani ni mpaka wa kweli usioonekana: ukisimama juu yake katikati ya miombo hujui umesimama juu yake.

Na hapo ndipo naukosoa mpaka huu, maana sikuja kuutetea tu. Mto unagawa watu lakini unawapa mahali pa kukutana, kwenye kivuko na kwenye samaki. Mgongo wa maji haukuwa na maana yoyote kwa wakazi wake wala kwa miamba iliyo chini yao. Mkanda wa shaba unapita chini ya mgongo bila kuujali, na ndiyo sababu migodi iko pande zote mbili.

Mtoto_wa_Kenya

Mzee, nimechapisha ramani ya mito peke yake kama ulivyosema. Mtu anauchoraje mgongo mwenyewe bila kutazama mpaka?

Mfuata_Maji

Anzia Kipushi na kalamu ya risasi, uelekee kusini-mashariki, ukipita kila mara kati ya vyanzo vya vijito vya pande mbili. Kanuni ni moja: mstari wa mgongo hauvuki mto. Kalamu ikikatiza kijito hata kidogo kiasi gani, umeuacha mgongo, futa na urudi hadi chanzo cha kijito hicho. Ukimaliza hadi ncha ya buti, karibu na latitudo ya nyuzi 13 na nusu, ndipo ufungue ramani ya nchi ulinganishe.

Halafu rudi Kipushi ufanye upande wa magharibi. Huko utafuata mpaka vizuri hadi pale Kongo, Angola na Zambia zinapokutana, si mbali na chanzo cha Zambezi. Kutoka hapo mpaka wetu na Angola unaufuata mgongo kuelekea magharibi hadi karibu na Dilolo, ndipo unageuka kaskazini, na mgongo unaendelea ndani ya Angola peke yake, ndiyo maana Kasai unaanzia kwao. Zambezi wenyewe unaanzia Zambia, unaingia Angola, halafu unarudi Zambia. Kipande hicho sijakichora bado. Ukinitangulia, kiweke hapa.